Panda Nikuone

4 Januari

Mume wangu mdogo,

Karani amekaa, kalamu ameshika, chai nimempa, kwa hiyo hana pa kukimbilia. Mimi mzima. Magoti yameniaga, masikio yamefunga duka, mengine yote yapo. Usinipigie simu, nasikia nyuki tupu kwenye debe. Andika. Karani atanisomea sikioni kwa ile sauti yake ya mahakamani, na mtaa mzima utapata habari zako kabla yangu. Potelea mbali.

Sasa sikia. Jana mwenye mashine ya kusaga alifungua redio. Ndege kubwa imeanguka huko mbali. Watu wote. Nikamuuliza, wote wote? Akasema wote. Nikamuuliza inaruka juu kiasi gani, akaninyooshea kidole mawinguni, akasema na bado hapo hujafika. Na wewe ndiko unakoshinda, na tai yako shingoni, umekaa kando ya rubani mkubwa, unakunywa kahawa juu ya mawingu!

Mimi nimekulea tangu una uzito wa kuku wawili. Ulianguka kitandani, nikakuokota. Ulianguka mtini, nikakuokota, nikakuchapa, nikakubembeleza. Ukianguka kutoka huko nitakuokota na nini? Na ungo?

Acha hiyo kazi. Kuna vile vindege vidogo vinavyopita hapa kupiga dawa mashamba. Vinapita chini, mtu unaona hata kofia ya rubani. Kile kikianguka, kinaanguka hapo hapo tu. Mtu anavunjika mguu, anafungwa banzi, anakula supu, maisha yanaendelea. Kama lazima uruke, ruka chini. Anayeanguka kutoka kitandani si sawa na anayeanguka kutoka darini, hilo halitaki shule.

Karani anatikisa kichwa. Anasema mambo hayaendi hivyo. Muulize yeye aliwahi kuruka wapi, labda ngazi za mahakama.

Msalimie mke mwenzangu. Mwambie mume ni wa kwangu, yeye nimemwazima tu.

Bibi yako
(dole gumba)


20 Februari

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Na Karani pia, shikamoo, pole kwa kazi.

Umeshinda. Nimeacha ndege kubwa. Barua yako niliisoma mara tatu, nikamwambia mke mwenzako, "Huyu mzee ataniua kwa presha kabla sijaanguka." Nikaenda kuaga. Wakanipa mkono, wakanipa na saa ya ukutani. Kwa hiyo tafadhali lala.

Sasa narusha kindege cha kampuni inayopiga picha mashamba na nguzo za umeme. Ungekiona ungecheka. Viti viwili, injini moja, mabawa yamevikwa kitambaa, kweli kabisa, kitambaa. Mimi na fundi tunakisukuma kwa mikono kama mkokoteni. Kamera imefungwa tumboni, kiti cha pili kinakaa begi langu. Ndege kubwa ikipita kwenye upepo mbaya abiria wanamwaga juisi. Hiki upepo ukipiga chafya tu, mimi ndiye juisi.

Lakini kina kitu ambacho hata ndege kubwa haina: mwavuli wake chenyewe. Nyuma ya kiti kuna kamba. Mambo yakiharibika nikaivuta, mwavuli mkubwa unatoka mgongoni, kindege kizima kinashuka polepole na mimi ndani yake, nimekunja mikono kama bwana harusi. Umeona? Hata ungo hutauhitaji.

Kuhusu kuruka chini, bibi, hapo tubishane kidogo. Juu si adui. Injini ikizima ukiwa juu, unakuwa na muda wa kutafuta uwanja, unateleza taratibu unachagua pa kutua. Ukiwa chini hupati muda huo. Sisi marubani urefu ndiyo akiba yetu. Lakini najua hapa umeshakunja mdomo, kwa hiyo naacha.

Mtoto ameanza kukaa. Anaanguka kushoto tu, sijui kwa nini.

Mume wako


1 Machi

Mume wangu,

Karani aliponisomea pale uliposema "nimeacha," nilimnyang'anya karatasi nikaibusu, wino ukanibaki mdomoni. Mtu gani siku hizi anaacha kazi ya tai kwa sababu bibi amesema? Hakuna. Mimi ninaye. Nimepita mtaani kichwa juu, nimemwambia mwenye mashine, nimemwambia muuza mkaa, nimemwambia hata yule mama ambaye hatusalimiani.

Huo mwavuli umenifurahisha sana. Mbona hizo kubwa hazina? Wana akili gani hao watu?

Lakini hayo maneno yako ya juu ni akiba, sijayameza. Umekaa na marubani wa ndege kubwa miaka mingi, wamekuharibu. Nakujua. Utaanza chini, kesho utasema kidogo tu, keshokutwa uko mawinguni. Basi nataka kiapo. Uape kwa hili titi langu kavu nililokunyamazishia: hutapanda juu kuliko pale ambapo mtu aliye chini anaweza kujua rangi ya shati lako. Si hapa kwangu tu. Popote. Mimi sitakuwepo kukuchunga, kiapo kitakuchunga.

Na ukipita upande huu, pita juu ya kiwanja cha mpira, nyuma ya mashine ya kusaga. Nitakuwa pale. Vaa la njano, macho yangu njano bado inayaheshimu.

Bibi yako
(dole gumba)

Nyongeza ya mwandishi: Nimemshauri kuhusu hili la kiapo. Amenishauri nami ninywe chai yangu. Karani.


15 Machi

Mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Haya, nimeapa. Mke mwenzako alikuwa shahidi, amekasirika, ameenda kunyoosha nguo za watu kwa hasira. Leo wateja wake watavaa mashati yaliyonyooka kupita kiasi.

Nitapita kwenu Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, nikienda kupiga picha za nguzo. Njano ipo.

Mume wako


2 Juni

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Nakuandikia bila yeye kujua. Naomba Karani akusomee ndani, mlango ukiwa umefungwa, na asipaze sauti sana.

Najua unampenda. Kwa hiyo nakwambia mambo mawili ambayo yeye hatakwambia.

La kwanza. Hakuacha ndege kubwa kwa ajili yako. Kampuni ilipunguza watu, naye alipunguzwa. Alilia jikoni, bibi, mtu mzima. Wiki hiyo hiyo barua yako ikaja, naye akaona afadhali apate furaha yako kuliko huruma yako. Saa ya ukutani ndiyo yote waliyompa. Kazi hii ya kindege aliichukua kwa kukosa nyingine.

La pili. Kule kwenye ndege kubwa walikuwa marubani wawili, mmoja akikosea mwenzake anamwambia. Injini mbili, moja ikifa nyingine inawafikisha. Mafundi kundi zima, na kitabu cha sheria kinene kama godoro. Huku kuna yeye peke yake, injini moja, fundi mmoja, na sheria nyepesi kama kindege chenyewe. Nimemuuliza fundi mwenyewe, akaniambia bila kuzunguka: vyepesi vinaanguka mara nyingi kuliko vikubwa, na wengi wanaokufa navyo, wanafia chini. Hawafii mawinguni. Ukiwa chini, kosa dogo halina nafasi ya kusahihishwa.

Na ule mwavuli uliokufurahisha, unataka urefu ili ufunguke. Pale ulipomwekea mpaka wa rangi ya shati, hata akivuta kamba, ardhi inafika kwanza. Yeye anajua. Hakukwambia.

Nimemsihi apande. Unajua alivyonijibu? "Bibi nimeshamdanganya mara moja, mara ya pili siwezi." Basi anaruka chini kila mahali, hata huko porini ambako hakuna wa kuona shati. Kampuni inafurahi, picha zinatoka safi.

Mimi nimeshindwa. Hanisikii. Mwenye ufunguo ni wewe. Tafadhali mwandikie umfungulie kiapo. Mwambie apande. Sina ombi lingine kwako maisha yangu yote.

Mke mwenzako


10 Juni

Mume wangu,

Leo sina utani mwingi, kwa hiyo kaa chini.

Nimepata habari zako. Usiulize nani, na ukimgombeza nitakuja na haya magoti mabovu nikuchape mbele ya mtoto wako. Kumbe walikuachisha. Kumbe ulilia. Ulilia jikoni na bibi yako huku anajitapa kwa muuza mkaa! Ungeniambia ningelia na wewe, tungelia vizuri, halafu ningewatukana hao watu mpaka Karani akose tahajia. Wewe unadhani mimi nakupenda kwa sababu unanisikiliza? Nilikupenda ukiwa hujui hata kujifuta.

Nimeelezwa na habari ya mwavuli. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nakushikilia chini nikidhani nakushika mkono, kumbe nimekukaba koo.

Basi nimekufungulia. Kiapo kimekwisha. Karani anaandika, Mungu anasikia: panda. Panda mpaka pale unapopaona wewe panafaa, mimi sijui kitu cha angani, nilikuwa naropoka.

Ila nijalie jambo moja tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, pita kiwanjani chini kama kawaida, mara ya mwisho, nikuone uso. Halafu upande pale pale mbele yangu. Nataka nione kwa macho yangu kwamba umepanda, la sivyo nitakaa hapa najiuliza kama umenisikia au umenidanganya tena. Nikishakuona unakwenda juu, nitarudi nyumbani kulala.

Mke mwenzangu usimwambie kitu bado. Mwache ashtukie tu umepanda. Nitamwandikia mimi baadaye, nimuombe radhi kwa maneno yangu mwenyewe, pole pole, maana si kazi nyepesi kwangu.

Bibi yako
(dole gumba)


19 Julai

Kwa bibi wa mume wangu,

Sitaanza na shikamoo.

Msibani sikuweza kukutazama. Ulikaa kwenye kona ya mkeka, umejifunika, ukanyoosha mkono kumshika mtoto, nikamhamishia upande wa pili. Najua uliona. Nilitaka uone.

Nilikuandikia. Tarehe mbili Juni, kwa mkono wangu, nikiwa na mtoto mgongoni na pasi mezani. Nilikuomba jambo moja. Hukunijibu hata neno. Wiki nne nilikuwa namwangalia mwenye kuleta barua kama mtu anayeangalia daktari. Nilijiambia, labda Karani anaumwa, labda barua imepotea. Wewe ulikuwa huko umekaa na kiapo chako.

Wameniambia alikuwa chini sana. Wameniambia mwavuli ulikutwa umekunjwa ndani ya mfuko wake, haukuwa na nafasi. Juu ya kiwanja chako, bibi, na shati lako la njano. Nililinyoosha mwenyewe asubuhi ile. Alikuwa anaimba. Nikamuuliza una nini leo, akasema, "Utaona, nitakwambia jioni." Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Kinachonimaliza ni hiki. Usiku najiuliza kama ni mimi. Labda nilimsumbua sana na hayo maneno ya panda, panda, kila siku panda, mpaka akaenda kazini na kichwa chenye kelele. Labda siku ile alijaribu kitu ili kunifurahisha. Nimemuuliza fundi mara mbili alikuwa anafanya nini pale hewani, anaangalia viatu vyake.

Wewe ulikuwepo. Ulimwona. Niambie. Barua yangu ya Juni uliipata? Na ile siku, alikuwa anafanya nini?

Mjane wa mjukuu wako


22 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi ndiye fundi wa kile kindege. Nilikuwa msibani, nimevaa koti la kuazima, hatukuzungumza.

Serikali imenitaka nieleze chanzo cha ajali. Injini ilikuwa nzima, inajulikana kwa jinsi propela ilivyopinda, ilikuwa inazunguka kwa nguvu mpaka mwisho. Nyaya za usukani nzima. Bawa zima, mpaka lilipogonga. Kwa hiyo si chombo. Naandika hivyo kwa uchungu, kwa sababu ingekuwa chombo ningejua pa kuweka lawama, ningejiwekea mimi.

Kuna kitu wewe unakijua na mimi nakijua. Asubuhi ya siku ile alinisomea barua yako pale karakana. Alicheka, akasema, "Bibi amenifungulia," akaitia mfukoni. Ilikwenda naye, haikuokotwa tena. Nilimwambia, sawa, panda, lakini taratibu, jua ni kali, tangi limejaa, kindege kizito leo. Akasema, "Fundi, nitapanda hivi mzee aone."

Mama, ndege kubwa ina vifaa vinavyomtikisia rubani usukani akinyanyua pua kupita kiasi, inapiga kelele, na kuna mwenzake pembeni. Chetu hiki kina kipenga kidogo tu. Ukinyanyua pua sana mwendo ukiwa mdogo, mabawa yanaacha kubeba. Kikiwa juu, unashusha pua, kinashika tena, mtu unafuta jasho unaendelea. Kikiwa chini hakuna pa kushusha pua.

Je, alipanda? Wewe ulikuwa unamwangalia. Watu wa kiwanjani kila mmoja ana lake, huyu moshi, yule mlio. Na mkewe ananiuliza. Mimi si mtu wa kudanganya, na kunyamaza nako kunanichosha.

Fundi


30 Julai

Fundi, mwanangu,

Marahaba. Nilikuona msibani. Lile koti lilikubana, hukula, na hukujitetea mbele ya mtu yeyote. Nikajua huyu ni mtu.

Sasa nakwambia mara moja na sitarudia. Karani amefunga mlango.

Alikuja kutoka upande wa mashine ya kusaga. Chini, chini kabisa, nikaona mpaka meno. Akapunga mkono. Mimi nikanyanyua fimbo nikamwonyesha juu. Juu! Panda! Akakata kona mwisho wa kiwanja, akarudi, akaninyooshea kidole kama anayesema, haya, tazama. Halafu pua ikanyanyuka. Kilipanda kama mbuzi anayerukia ukuta. Mimi nikapiga vigelegele, fundi. Sijapiga vigelegele tangu harusi yake. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, na masikio haya yaliyokufa nikajisikia.

Halafu kikasimama. Mimi sikujua kwamba ndege husimama. Nilidhani ni mchezo mwingine ananifanyia. Bawa la kushoto likalala kama mkono wa mtu aliyesinzia, kikageuka, na mimi bado nilikuwa na kigelegele mdomoni.

Basi. Ndiyo, alipanda. Alipanda kwa sababu nilimwambia, na alipanda vile kwa sababu nilitaka kuona.

Kwenye karatasi yako ya serikali andika yote kama yalivyo. Nitaweka dole langu hapo chini, wakinitaka nije nitabebwa nije. Labda kijana mwingine atasoma asimfurahishe bibi yake.

Lakini huyu binti. Ameniandikia. Anajiuliza usiku kama ni maneno yake ya "panda" yaliyomuua mumewe. Umeielewa hatari yake? Akijua kwamba mumewe alikuwa anapanda, akijua kwamba barua yake ndiyo iliyonifanya nimfungulie, atayachukua yote ayabebe yeye, na mtoto mgongoni. Mimi namjua, ni mtu wa kujibebesha. Ana miaka mingapi mbele? Hamsini? Utamwacha ainame miaka hamsini?

Mimi nina mbele yangu kipande hiki tu, na mgongo wangu ulishapinda.

Akikuuliza, mwambie alikuwa chini mno. Hapo hujadanganya. Kisha funga mdomo. Mengine nitamwambia mimi.

Mama yako
(dole gumba)


30 Julai

Kwa mke wa mjukuu wangu,

Umeuliza, nakujibu. Barua yako ya Juni niliipata. Karani alinisomea ndani, mlango umefungwa, kama ulivyotaka. Nilisikia kila neno, la mwavuli na la kiapo.

Sikukujibu kwa sababu sikutaka. Nilikuona mtoto mdogo unayetaka kunifundisha kumlinda mtu niliyemlea. Nilikuonea wivu pia, maana alikueleza wewe alivyolia, mimi hakunieleza. Nikaikunja barua nikaiweka chini ya godoro. Kiapo sikumfungulia.

Siku ile alipita chini kama nilivyomtaka. Alikuwa anafanya nini? Alikuwa ananifurahisha mimi. Hakuwa anafanya kitu chako chochote. Maneno yako hayakuwa kichwani mwake hata kidogo, nilimwona uso, alikuwa mtulivu kama mtu anayepita kusalimia. Chombo kikayumba, ardhi ikawa karibu, basi. Angekusikiliza wewe angekuwa hai. Alinisikiliza mimi.

Kwa hiyo usitafute mtu mwingine. Usiku ukikaa kujiuliza, jiulize kuhusu huyu mzee mbishi. Nichukie. Lakini nichukie vizuri, si kwa njaa. Nichukie ukiwa unakula, ukiwa unamnyonyesha huyo mtoto, ukiwa umelala usingizi wa kutosha. Chuki ya mtu asiyekula haifiki mbali, inamrudia mwenyewe.

Sina la kuomba kwako.

Bibi wa mumeo
(dole gumba)

Nyongeza ya mwandishi: Nilikataa kuiandika barua hii mara mbili. Mara ya tatu nimeiandika. Karani.


28 Septemba

Kwako,

Barua yako niliisoma mara moja. Nilitaka kuichoma, nikaiacha, ili siku moja mtoto akiuliza niwe na cha kumwonyesha.

Angalau umesema. Sikutegemea. Nilidhani utajificha nyuma ya uzee, utasema hukumbuki, utasema ni Mungu. Umesema ni wewe, na mimi nakuamini.

Fundi naye nimemuuliza kwa mara ya tatu. Amesema alikuwa chini mno. Nikamuuliza, basi? Akasema, basi.

Nitakwambia jambo, si kwa sababu unastahili. Tangu barua yako nalala. Nilikuwa naamka usiku nimekaa kitandani, nasikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia apande. Sasa sisikii. Nimerudi kazini. Juzi nilicheka, mteja alileta suruali yenye samaki mkavu mfukoni, nikacheka mpaka nikaogopa.

Lakini wewe sitakuona tena. Mtoto hatakuja kwako, wala hatakuita bibi. Picha uliyopiga naye nimeitoa ukutani. Usimtume mtu. Usiandike. Ukiandika sitafungua.

Mjane


15 Oktoba

Fundi, mwanangu,

Ameandika. Analala. Anakula. Amecheka kwa sababu ya samaki. Karani amenisomea pale pa samaki mara nne, mara ya nne amekataa, anadai miwani imeingia vumbi.

Asante kwa kufunga mdomo. Najua ulikuwa mchungu. Usije ukaufungua siku nikifa, ukasema sasa mzee hayupo acha nimweleze binti wa watu. Nikifa ndiyo kwanza ufunge zaidi, maana sitakuwepo tena kuchukiwa, atatafuta pa kuiweka hiyo chuki.

Amesema nisitume mtu. Basi mimi sikutumi. Lakini wewe una mashati, na mashati yanachafuka, na yeye ananyoosha nguo za watu hapo hapo mjini kwenu. Mtu na shati lake hatumwi. Peleka. Mtoto atakuwa kwenye kikapu au anatambaa chini ya meza. Usimguse, usimwulize mama yake kitu, lipa uondoke.

Halafu uniandikie ana meno mangapi.

Mama yako
(dole gumba)